Sembène Ousmane: siasa inapoanzia kwenye mchele

Hotuba niliyoitoa Mombasa mbele ya wasomaji, walimu na wanafunzi wa fasihi. Nimeinyoosha kidogo ili isomeke.

Wazee wangu, akina mama, walimu wenzangu na nyinyi vijana, hamjambo.

Nimepewa mada ya mwandishi wa riwaya na siasa. Mada hii ina mazoea yake huku kwetu. Mtu husimama, akataja ukoloni, akataja uhuru, akataja ufisadi, watu wakapiga makofi, kisha tukaenda kwenye chai na mahamri. Mimi leo nitaanza na mchele, na nikiweza sitatoka kwenye mchele mpaka nimalize.

Kuna mama riwayani anaitwa Ramatoulaye. Yuko Dakar, Senegal, mwaka 1947 unaelekea ukingoni. Wafanyakazi wa reli wamegoma, mishahara imekatika, na nyumbani kwake watoto ni wengi. Anakwenda dukani kwa Hadrame kukopa mchele. Hadrame amemkopesha miaka nenda miaka rudi. Leo anakataa, na mchele uko pale pale, macho yanauona. Ameonywa: jamaa za wagomaji wasikopeshwe. Mama anajaribu kwa kaka yake wa tumbo moja, El Hadji Mabigué, mtu mwenye mali na tasbihi mkononi. Kaka huyo kazi yake ni kuwahubiria watu wawe na subira, na subira yenyewe inaishia kwenye faida ya kampuni ya reli.

Sasa huyu Mabigué ana kondoo dume, amenona, jina lake Vendredi, yaani Ijumaa. Mtaani watu wanalala na njaa, yule kondoo anazurura nyumba hadi nyumba akila cha watu. Siku moja anaingia uani kwa Ramatoulaye, anakula kile kidogo kilichokuwapo. Ramatoulaye anachukua kisu.

Nawaomba muisome sehemu hiyo wenyewe, maana mimi nikiisimulia naiharibu. Mama mtu mzima, mcha Mungu, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, anapigana na mnyama kwenye vumbi hadi anamchinja. Halafu anaigawa nyama. Anagawia majirani wote, hajiwekei peke yake. Polisi wanakuja kuichukua ile nyama kama ushahidi, na hapo ndipo wanawake wa ua mzima wanatoka na chupa walizozijaza mchanga. Kutoka dukani kwa Hadrame mpaka kwenye mapigano hayo ni kurasa chache tu. Hakuna aliyehutubia, hakuna aliyetaja ubepari.

Riwaya hiyo inaitwa Les bouts de bois de Dieu, ilitoka mwaka 1960, na wengi wetu hapa tuliijua kwa Kiingereza kama God's Bits of Wood. Mwandishi ni Sembène Ousmane. Na jambo langu la leo ni moja tu: kila alipoanzia siasa yake kwenye sufuria, aliandika kazi kubwa, na kila alipowaachia mawaziri waongee, kalamu ilimlegea. Alifanya kazi za aina nyingi mno, riwaya, hadithi fupi, filamu, hata gazeti, na kipimo hicho kinafaa kwa karibu zote.

Kwa wasiomjua, nitapita haraka. Alizaliwa mwaka 1923 Ziguinchor, katika jimbo la Casamance, kusini mwa Senegal, baba yake mvuvi. Shuleni hakukaa. Alipigana na mwalimu mkuu, akafukuzwa, akaenda Dakar kufanya kazi za mikono, uashi na ufundi wa magari. Mwaka 1944 akaingizwa katika jeshi la Wafaransa. Baada ya vita akavuka kwenda Marseille, akawa kuli bandarini. Kuli hasa, wa kubeba mizigo. Huko akaingia chama cha wafanyakazi, akaingia Chama cha Kikomunisti, na siku moja kazini akaumia mgongo. Mtu aliyeumia mgongo hawezi tena gunia, lakini anaweza kitabu, naye akayageukia maktaba. Riwaya yake ya kwanza, Le docker noir, ilitoka mwaka 1956. Inamhusu kuli Mwafrika aliyeandika riwaya, na mwandishi wa Kifaransa akaiiba na kuitoa kwa jina lake mwenyewe. Tukiwa wakweli ni kitabu cha mtu anayejifunza, hasira ni nyingi kuliko ufundi. Mwaka uliofuata alitoa nyingine, ya kijana anayerudi Casamance kuanzisha ushirika wa wakulima dhidi ya makampuni ya wafanyabiashara, na anauawa kwa ajili hiyo. Hapo ameshaanza kuitazama shamba na ghala.

Turudi relini. Mgomo ule ulikuwapo kweli. Ulianza tarehe 10 Oktoba 1947 kwenye njia ya Dakar hadi mto Niger, ukaisha tarehe 19 Machi 1948. Zaidi ya miezi mitano, katika nchi mbili tunazoziita leo Senegal na Mali. Wafanyakazi walidai nyongeza ya mishahara, pensheni, na posho ya familia kama waliyokuwa wakipata wenzao Wazungu. Posho hiyo ndiyo ilimchoma Sembène zaidi. Katika riwaya, wakubwa wa kampuni wanasema hawawezi kuwalipa Waafrika posho ya familia kwa sababu wana wake wengi, na wake wenyewe kwa macho ya kampuni ni mahawara. Kwa hiyo anayenyimwa mchele dukani ndiye huyo huyo anayetukanwa mezani kwenye mazungumzo. Mwandishi ameziunganisha hizo mbili bila kuziwekea gundi.

Na sisi watu wa mji huu tusikae kama wageni. Januari ya mwaka huo huo wa 1947 Mombasa ilisimama. Wafanyakazi wa bandari na wa reli, na wa nyumbani kwa watu pia, wapatao 15,000, waliacha kazi, wakawa wanakutana mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa Agosti na kupelekwa mbali, Kabarnet. Mwaka 1948 makuli wa Unguja nao wakagoma, na hiyo Shafi Adam Shafi ametuandikia katika Kuli. Mgomo wa Mombasa uko kwenye vitabu vya wanahistoria. Mimi bado nasubiri riwaya yake, na naona hapa mbele yangu vijana wa kutosha.

Jambo jingine kuhusu riwaya hiyo. Tukio lake kubwa kuliko yote ni mwandamo wa wanawake kwa miguu kutoka Thiès hadi Dakar, wakiongozwa na Penda, msichana ambaye mji ulimdharau kwa sababu ya jinsi alivyokuwa akijipatia riziki. Wanahistoria waliochimba kumbukumbu za mgomo hawakuukuta mwandamo huo. Sembène aliubuni. Kuna wanaosema amepotosha historia. Mimi nasema alifanya haki yake. Kumbukumbu za kampuni ziliandika mabehewa yaliyolala na hasara iliyopatikana. Hazikuandika nani aliyekwenda kisimani mara ngapi, nani aliyeuza kanga yake, wala mtoto aliyezaliwa katikati ya njaa wakampa jina la Mgomo. Huyo mtoto yumo katika riwaya, na mama yake, Houdia M'Baye, anakufa kwa kupigwa na maji ya bomba la zimamoto. Kama ushahidi haukuandikwa, mwenye riwaya afanyeje?

Sasa niende kwenye karatasi, maana Sembène mchele na karatasi kwake ni ndugu.

Baada ya riwaya ya mgomo kutoka, alizunguka Afrika, akagundua kitu ambacho mwandishi hapendi kukigundua. Watu aliowaandika hawawezi kumsoma. Alikuwa ameandika kwa Kifaransa, vitabu vimechapwa Paris, na akina Ramatoulaye wa kweli hawajui alifu. Alikuwa na umri wa karibu miaka 40. Wengine wetu tungeandika makala ya kulalamika juu ya utamaduni wa kusoma. Yeye alikwenda Moscow, mwaka 1962, kujifunza kutengeneza filamu, na sinema akazoea kuiita shule ya jioni.

Filamu ya kwanza aliyorudi nayo ni Borom Sarret, ya mwaka 1963. Ni dakika 20 hivi. Mtu ana mkokoteni wa farasi, anabeba watu na mizigo. Wengi hawalipi. Baba mmoja anampakia maiti ya mtoto wake mchanga kumpeleka makaburini, na mlangoni anazuiwa kwa sababu karatasi zake si sawa. Mwenye mkokoteni anamwacha pale na maiti. Baadaye anaingia mtaa wa wakubwa ambao mikokoteni hairuhusiwi, polisi anamnyang'anya. Anarudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe anampa mtoto amshike, anamwambia leo watakula, na anatoka nje. Filamu inaisha hapo. Anakwenda wapi? Sembène hasemi, na sote tuliomo humu tunajua anachokiogopa yule mume.

Kisha ikaja La Noire de..., mwaka 1966, ambayo ilianza kama hadithi fupi katika mkusanyiko wake wa mwaka 1962. Diouana ni msichana wa Dakar, anapelekwa Antibes, Ufaransa, kwenda kulea watoto. Akifika, watoto hawapo, kazi ni kupika na kufagia na kuonyeshwa kwa wageni wa tajiri. Inakuja barua kutoka kwa mama yake. Diouana hajui kusoma. Tajiri anamsomea, halafu anakaa kitako amwandikie majibu, anabuni mwenyewe maneno ya mtoto kwa mama yake. Diouana anaichana barua. Baadaye anajiua bafuni. Tajiri akirudi Dakar kumpelekea mama mtu mshahara wa marehemu, mama anaukataa.

Ndugu zangu, nyumba ngapi hapa Pwani zina msichana Saudia, Oman au Qatar katika kazi za ndani? Pasipoti iko kabatini kwa tajiri, simu inashikwa na tajiri, na nyumbani inafika sauti fupi kwamba niko salama. Hadithi hii ina zaidi ya miaka 60. Ningependa ionyeshwe katika kila ofisi ya wakala wa kuwapeleka watu Ghuba, kabla mkataba haujatiwa saini.

Naona mama pale nyuma anafuta macho. Basi niwachekeshe kidogo, ingawa kicheko chenyewe kina uchungu.

Katika hadithi nyingine ya Sembène, Ibrahima Dieng hana kazi, ana wake wawili, Mety na Aram, na watoto. Posta inaleta barua na hundi kutoka kwa mpwa wake Abdou, anayefagia barabara Paris. Hundi ni ya faranga 25,000. Elfu mbili ni za mjomba, elfu tatu za mama yake Abdou, na 20,000 mjomba amwekee. Hesabu hiyo ishikeni. Kabla mzee hajajua, wake zake wamekwishakwenda dukani kwa Mbarka, wamekopa mchele kwa dhamana ya hundi. Mzee anakula, anashiba, anateuka, ndipo anaambiwa ameshiba kwa deni. Na habari imekwishatoka nje. Majirani wanaanza kupiga hodi, huyu kibaba, huyu nauli, huyu mtoto anaumwa.

Anakwenda posta. Posta wanataka kitambulisho. Anakwenda polisi, polisi wanataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Anakwenda manispaa, karani anamuuliza alizaliwa lini. Mwaka 1900 hivi. Mwezi gani? (Naona mnacheka. Watu wa Pwani na kitambulisho, hamhitaji kusimuliwa.) Mpiga picha anachukua pesa, picha hakuna, na mzee anapigwa hadi damu inamtoka puani. Kila mlango una mtu anayetaka kidogo dogo. Mwishoni jamaa yake msomi, Mbaye, mwenye suti na gari, anamwambia, wewe niandikie tu idhini, mimi nitaichukua. Anaichukua kweli. Halafu anasema ameibiwa sokoni, na anampa mzee gunia la mchele.

Gunia la mchele! Badala ya pesa za watu watatu. Na mzee, aliyechoka, analifungua pale nje na kuanza kuwagawia wapita njia. Mimi kila nikifika hapo humkumbuka Ramatoulaye akigawa nyama. Mgawo wa Ramatoulaye ulikuwa wa mtu aliyeshinda. Huu wa Dieng ni wa mtu aliyekata tamaa na uaminifu, na anasema hivyo waziwazi, kwamba ukiwa mkweli zama hizi unatenda kosa.

Hadithi hiyo ilitoka kitabuni katikati ya miaka ya sitini, ikiwa pamoja na nyingine iitwayo Véhi-Ciosane, ya chifu aliyempa mimba binti yake mwenyewe na kijiji kizima kikanyamaza kulinda jina la ukoo. Hiyo ya pili haisomwi sana na ni hasara, kwa sababu inaonyesha kwamba Sembène hakuwa na huruma na mila ati kwa kuwa ni zetu. Ile ya hundi akaifanya filamu, Mandabi, mwaka 1968, na humo watu wanaongea Kiwolofu. Pesa za kuitengeneza zilitoka Ufaransa, kwa hiyo alilazimika kuipiga mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiwolofu, lakini iliyobaki katika kumbukumbu za watu ni ya Kiwolofu. Miaka michache baadaye, yeye na mwanaisimu Pathé Diagne wakaanzisha gazeti la Kiwolofu, Kaddu. Sisi Waswahili tumezoea kuwa na riwaya na magazeti kwa lugha yetu hata hatuoni ni neema. Mwenzetu alilazimika kupitia Moscow ili mama yake amwelewe.

Niende kwa wakubwa, maana mchele nao huenda kwa wakubwa.

Katika Xala, riwaya ya mwaka 1973 na filamu ya 1975, tajiri El Hadji Abdou Kader Bèye anaoa mke wa tatu na usiku wa harusi anashindwa kuwa mwanamume. Nusu ya kitabu anatafuta waganga. Watu wakiisimulia huishia hapo kwenye kuchekea suruali. Lakini angalia kinachomwangusha hasa. Hundi yake kwa mganga inarudi, benki hana kitu, na wenzake wa chama cha wafanyabiashara wanamtimua kwa sababu ameuza mchele wa bodi ya taifa, mchele uliokuwa wa kulisha watu, akafanyia harusi. Wenzake nao hawakuwa na mikono safi, na yeye anawaambia hivyo usoni. Kwenye filamu Mercedes yake inatiwa maji ya chupa ya Evian kutoka Ufaransa, na binti yake Rama, anayemjibu kwa Kiwolofu kila akisemeshwa Kifaransa, anayakataa maji hayo hayo akikaribishwa. Mwisho wanaingia ombaomba, wale aliowafukuza mjini, na mmoja wao ndiye aliyedhulumiwa ardhi ya ukoo kwa hati za kughushi. Wanafungua friji, wanakula. Halafu wanamvua nguo, wanamtemea mate mwili mzima, wakimwambia ndiyo dawa. Mkaguzi wa serikali aliikata filamu hiyo sehemu kadhaa, na Sembène akachapa vipeperushi akawagawia watazamaji wajue kilichokatwa.

Katika Emitaï, ya mwaka 1971, amerudi kwao Casamance, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wafaransa wanataka mchele wa Wadiola kulisha jeshi. Kwa Wadiola mchele ni kazi ya wanawake, na ni wa ibada. Wanawake wanauficha. Wanakalishwa juani, siku inakwenda, wanakaa kimya. Wanaume wao wako kichakani wanajadiliana na miungu. Katikati ya hayo kuna kichekesho: amri inafika, picha ya Marshal Pétain, aliyekuwa mkuu wa Ufaransa, inabanduliwa na kubandikwa ya Jenerali de Gaulle, na askari mweusi anauliza kwa dhati inawezekanaje jenerali wa nyota mbili akashika nafasi ya mkubwa wa nyota saba. Mimi nimesoma vitabu vizima kuhusu ukoloni ambavyo havikuuliza swali zuri kama hilo.

Camp de Thiaroye, aliyoitengeneza na Thierno Faty Sow mwaka 1988, ni ya askari wa Kiafrika waliorudi kutoka kambi za Wajerumani. Ugomvi unaanzia jikoni, chakula kibovu kisicho na nyama. Halafu unafika kwenye pesa, wanaambiwa faranga zao zitabadilishwa kwa nusu ya thamani. Alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1944 walipigwa risasi kambini. Hesabu rasmi ya Ufaransa ilikuwa 35, na hadi leo inapingwa. Novemba 2024 rais wa Ufaransa aliandika barua kukiri kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki. Filamu ilikuwa imekwishasema hivyo miaka 36 kabla.

Na katika Guelwaar, mwaka 1992, magunia yanayoletwa ni ya msaada. Mtu aliyethubutu kusimama mbele ya wafadhili na kusema kwamba mkono unaonyooshwa kila siku kuomba unaua heshima, anauawa, na maiti yake, ya Mkristo, inazikwa kimakosa makaburi ya Waislamu. Mwishoni vijana wanalisimamisha lori la chakula cha msaada, wanamwaga magunia barabarani, na msafara unapita juu yake. Mtu aliyewahi kulala njaa ataona vigumu kuitazama. Mimi mwenyewe huwa sijui niwaunge mkono au niwapigie kelele. Mwandishi yule yule aliyetuonyesha Ramatoulaye anapigania kibaba, sasa anamwaga chakula.

Hayo ndiyo makubwa. Kuna yaliyolegea pia. L'Harmattan, ya mwaka 1964, inahusu kura ya maoni ya 1958 ambayo de Gaulle aliyapa makoloni yachague kubaki au kutoka. Mada moto kabisa, na watu wake wanaongea kama wajumbe wa mkutano. Le dernier de l'Empire, ya 1981, ni ya rais mzee aliyetoweka na mawaziri wanaogombea kiti. Kila mtu alijua ni nani anasemwa, kwa kuwa Senghor, rais wa kwanza wa Senegal, alikuwa ametoka tu madarakani. Wasomaji wa Dakar walifurahia kutambua sura. Ukiisoma leo, umbali huu, unapotea kwenye vikao. Hakuna anayekula katika kitabu hicho isipokuwa kwenye dhifa.

Na Ceddo, ya mwaka 1977, nitaisema kwa sababu naijua hadhira yangu. Inamwonyesha imamu anayenyakua utawala wa kijiji na kusilimisha watu kwa nguvu, pembeni padre na mwuza watumwa wanangoja. Serikali ya Senghor iliizuia, na sababu iliyotolewa ni tahajia, ati neno ceddo liandikwe kwa d moja. Mimi Mwislamu, na filamu hiyo ilinikera. Nilitaka kuwe na mwanachuoni mmoja mwema ndani yake. Bado naona ana deni hapo. Lakini kisingizio cha herufi d kilikuwa cha aibu, na ni nafuu kukereka na filamu uliyoiona kuliko kulindwa nayo na serikali.

Kazi yake ya mwisho, Moolaadé, ilitoka mwaka 2004, ameshatimiza miaka 81. Wasichana wanne wanakimbilia kwa Collé Ardo wasikeketwe. Yeye anafunga kamba ya nyuzi za rangi mlangoni, chini, hata kuku anairuka, na kijiji kizima hakithubutu kuivuka kwa sababu ni ahadi ya ulinzi. Wazee wanaona kisa ni redio. Wanawanyang'anya wanawake redio zao, wanazirundika mbele ya msikiti na kuzichoma, na baadhi zinaungua huku bado zinaimba. Kenya tulipitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011, na walimu wa kaunti zinazohusika watawaambia kazi ilivyobaki. Waonyesheni wazazi filamu hiyo kabla ya kuwasomea sheria.

Baada ya mazungumzo kulikuwa na maswali. Mwanafunzi mmoja aliuliza aanzie wapi, nikamwambia aanze na ile hadithi ya hundi, ni fupi, kisha mgomo wa reli, halafu aisome pamoja na Kuli. Swali lililonishughulisha zaidi lilitoka kwa mzee aliyefanya kazi Kilindini maisha yake yote. Aliuliza: wale wa reli, mwisho walishinda?

Riwayani wanashinda. Katika historia pia walirudi kazini Machi 1948 wakiwa wamepata sehemu kubwa ya walichodai, na kiongozi wao wa kweli, Ibrahima Sarr, akawa mtu mkubwa. Senegal ilipojitawala, Sarr akawa waziri. Desemba 1962 Senghor alipofarakana na waziri mkuu wake Mamadou Dia, Sarr alikamatwa pamoja na Dia, wakahukumiwa, wakapelekwa gereza la Kédougou, kusini-mashariki mwa nchi. Hakutoka hadi 1974. Mwaka 1973, wakati Xala inatoka mitamboni na watu wa Dakar wanacheka habari za tajiri aliyeuza mchele wa umma, yule aliyewasimamisha wenye reli miezi mitano alikuwa bado ndani.

Mzee alitikisa kichwa, akauliza Kibachia naye alikaa Kabarnet miaka mingapi. Hapo wakasimama watu watatu kwa pamoja kumjibu, na mwenyekiti akalazimika kupanga foleni.